Usalama wa kemikali za kuchonga bodi za saketi

Usalama wa kemikali za kuchonga bodi za saketi ni jumla ya kanuni zinazofuatwa na mtu anayetengeneza bodi za saketi za kielektroniki nyumbani, ili kemikali anazotumia kuondolea shaba zisimdhuru yeye, jamaa zake, nyumba yake wala mazingira. Kanuni hizo zinahusu ununuzi, uchanganyaji, matumizi, uhifadhi na utupaji wa kemikali hizo, pamoja na huduma ya kwanza inapotokea ajali.

Kazi ya kuchonga bodi nyumbani hufanywa na mafundi wa redio, wanafunzi wa ufundi na wapenzi wa elektroniki wanaohitaji bodi moja au mbili tu. Kiwandani kazi hiyo hufanyika chini ya feni za kuvuta mvuke na maji machafu husafishwa kabla ya kutolewa. Nyumbani hufanyika jikoni, bafuni au uani, karibu na chakula, vyombo vya maji na watoto. Kwa hiyo hatari haitokani na ukali wa kemikali peke yake, bali pia na mahali zinapowekwa na chombo zinamotiwa.

Jinsi shaba inavyoondolewa

Bodi ya kawaida ni bamba la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, lililofunikwa kwa utando mwembamba wa shaba. Unene wa utando huo mara nyingi ni mikromita 35. Njia za umeme huchorwa juu ya shaba kwa wino usioyeyuka katika maji, kwa wino wa printa ya leza uliohamishwa kwa pasi, au kwa utando unaobadilika ukipigwa na mwanga. Kisha bodi hutiwa katika myeyusho unaokula shaba yote isiyofunikwa. Sehemu iliyofunikwa hubaki na kuwa njia za umeme.

Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna nchini Austria, alibuni saketi za kuchapwa akiwa Uingereza katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia teknolojia hiyo ilienea katika redio na vyombo vingine. Njia yenyewe ya kula shaba kwa kemikali ni ya zamani zaidi: wachapaji wa picha walikuwa wakitumia kloridi ya chuma kuchonga mabamba ya shaba tangu karne ya 19.

Kemikali zinazotumika na hatari zake

Kloridi ya chuma

Kloridi ya chuma (FeCl₃), ambayo mafundi huiita feriki kloraidi, huuzwa kama mabonge ya rangi ya manjano na kahawia, kama unga mweusi usio na maji, au kama myeyusho ulio tayari. Hubadilisha shaba hivi:

2FeCl₃ + Cu → 2FeCl₂ + CuCl₂

Haitoi mvuke mwingi ikiwa baridi, na kwa sababu hiyo watu wengi huidhania kuwa haina madhara. Kumbe myeyusho wake ni asidi yenye pH iliyo chini ya 2. Hukera ngozi, na tone likiingia jichoni laweza kuliharibu kabisa. Huacha madoa ya manjano yasiyotoka kwenye nguo, sakafu na vidole. Hula metali nyingi, zikiwemo karo za chuma kisichoshika kutu, mabomba na vyombo vya alumini.

Unga usio na maji unahitaji uangalifu zaidi. Ukitiwa majini hutoa joto kali na mvuke wa asidi hidrokloriki. Hutiwa kidogo kidogo katika maji baridi, nje ya nyumba, huku ukikorogwa kwa kijiti cha plastiki. Maji hayamwagwi juu ya unga.

Asidi hidrokloriki na peroksidi ya hidrojeni

Mchanganyiko huu hupendwa kwa sababu ni rahisi kuupata na hufanya kazi haraka:

Cu + H₂O₂ + 2HCl → CuCl₂ + 2H₂O

Asidi hidrokloriki (HCl) kali, yenye nguvu ya asilimia 30 hadi 37, hutoa moshi mweupe mara kizibo kinapofunguliwa. Moshi huo huunguza pua, koo na mapafu. Peroksidi ya hidrojeni (H₂O₂) ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa ni dhaifu, lakini ile ya asilimia 30 huunguza ngozi na kuiacha nyeupe, na huweza kuwasha karatasi, nguo au mbao zilizomwagikiwa. Kemikali hizo mbili zikichanganywa zikiwa kali, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Kwa hiyo peroksidi hafifu yatosha, na mchanganyiko hufanyika nje tu. Asidi ndiyo hutiwa katika maji, wala si maji katika asidi, kwa sababu maji machache yakiangukia asidi kali hupata joto ghafla na kuirusha usoni.

Persulfati

Persulfati ya sodiamu (Na₂S₂O₈) na persulfati ya amonia ni chembechembe nyeupe. Huyeyushwa katika maji kwa kiasi cha gramu 200 hivi kwa lita moja, na hutumika zikiwa na joto la sentigredi 40 hadi 50. Myeyusho huwa angavu mwanzoni, kisha hugeuka buluu kadiri shaba inavyoyeyuka, hivyo fundi huona kazi inavyoendelea. Haziachi madoa kama kloridi ya chuma. Hata hivyo ni vioksidishaji: zikichanganyika na vumbi la mbao, karatasi, mafuta au unga wa metali huchochea moto. Vumbi lake huweza kusababisha mzio wa ngozi na pumu. Watengenezaji wa nywele hupatwa na madhara hayohayo, kwa kuwa persulfati zimo pia katika dawa za kugeuza nywele rangi.

Kemikali za kusaidia

Bodi za mwanga husafishwa kwa hidroksidi ya sodiamu (NaOH), yaani kostiki soda ileile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, gramu 7 hadi 10 kwa lita, lakini punje moja ikishikwa kwa mkono wenye unyevu huanza kula ngozi. Kwa macho ni hatari hata kuliko asidi nyingi, kwa sababu hupenya ndani zaidi. Asetoni na alkoholi, zinazotumika kufuta wino mwishoni, huwaka kwa urahisi sana. Mvuke wa asetoni huweza kushika moto hata katika hali ya baridi kuliko ya chumba, kwa hiyo hazifunguliwi karibu na jiko, sigara wala pasi ya kulehemu.

Michanganyiko iliyokatazwa

Ajali mbaya zaidi hutokea pale kemikali mbili zinapokutana bila kukusudiwa. Muhimu kukumbuka ni hizi:

- Asidi na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki. Hutoa gesi ya klorini mara moja. Kwa hiyo asidi haimwagwi katika choo au bafu lililotoka kusafishwa kwa dawa hiyo, wala doa la asidi halisafishwi nayo.
- Asetoni au alkoholi pamoja na peroksidi au persulfati. Vinavyowaka na vioksidishaji havikai pamoja, wala katika beseni wala katika kabati. Bodi iliyofutwa kwa asetoni huoshwa kwa maji mengi na kukaushwa kabla ya kurudishwa katika myeyusho.
- Alumini na asidi, kloridi ya chuma au kostiki soda. Hutoa joto kali na gesi ya hidrojeni inayolipuka. Sufuria za alumini hazina nafasi katika kazi hii.
- Myeyusho wa aina moja na mabaki ya aina nyingine. Kila myeyusho huwa na chombo chake cha mabaki.

Kujikinga wakati wa kazi

Mahali panapofaa ni uani au barazani penye upepo, mbali na chakula, watoto, kuku na mifugo. Fundi hukaa upande unakotoka upepo. Chumba chenye dirisha moja lililofunguliwa hakitoshi kwa asidi hidrokloriki.

Miwani ya kinga iliyoziba pande zote huja kwanza. Miwani ya kusomea haizuii matone yanayotoka ubavuni. Glavu za nitrili hufaa kwa kemikali zilizotajwa isipokuwa asetoni, ambayo huzipenya kwa haraka. Aproni ya plastiki, nguo za mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole huongeza kinga, lakini kandambili haziwezi kumkinga mtu dhidi ya beseni lililopinduka. Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke wa asidi, na mtu asiitegemee kama kisingizio cha kufanyia kazi ndani.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, ndoo ya maji safi huwekwa mkononi, pamoja na kopo la magadi kwa ajili ya asidi itakayomwagika chini. Bodi huinuliwa kwa koleo la plastiki, si kwa vidole. Myeyusho ukihitaji joto, beseni lake huwekwa ndani ya beseni kubwa lenye maji ya moto, kamwe si juu ya jiko. Kula, kunywa na kuvuta sigara husubiri hadi kazi iishe na mikono ioshwe. Vyombo vilivyotumika havirudi jikoni tena, hata vikioshwa mara ngapi.

Hatari haiishi bodi inapotolewa. Kutoboa na kukata bamba hutoa vumbi la nyuzi za kioo linalokera ngozi na mapafu, na hapo ndipo barakoa nzuri ya vumbi huhitajika. Kulowesha bamba kwa maji kidogo hupunguza vumbi hilo.

Uhifadhi

Chombo

Kosa lenye hatari kuliko yote ni kutia kemikali katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Persulfati iliyoyeyushwa hufanana na maji, na kloridi ya chuma hufanana na kinywaji cha kola au chai ya rangi. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, bali huangalia umbo la chupa. Hata mtu mzima akiamka usiku gizani huweza kukosea. Mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa za soda yamewadhuru watoto kwa njia hiyohiyo.

Kemikali hubaki katika chombo ilichonunuliwa nacho. Chombo kikilazimika kubadilishwa, kinachofaa ni kidumu cha plastiki ngumu, ile yenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu, au chupa nene ya kioo yenye kizibo cha plastiki. Makopo ya bati na vifuniko vya chuma hutobolewa. Kostiki soda haiwekwi katika chupa yenye kizibo cha kioo, kwa sababu kizibo hukwama.

Shinikizo

Peroksidi ya hidrojeni na myeyusho wa persulfati huvunjika polepole na kutoa oksijeni. Lita moja ya peroksidi ya asilimia 3 huweza kutoa lita 10 hivi za gesi hiyo, na ile ya asilimia 30 mara kumi zaidi. Joto, mwanga na chembe za metali huharakisha kazi hiyo. Myeyusho uliokwisha kutumika una shaba ndani yake, hivyo ukifungwa kwa nguvu huvimbisha chupa na hata kuipasua. Kwa hiyo:

- peroksidi safi hukaa katika chupa yake yenye kizibo chenye tundu la kutolea gesi;
- peroksidi iliyobaki mezani hairudishwi kamwe katika chupa;
- myeyusho uliotumika hukaa siku kadhaa katika chombo chenye kifuniko kilicholegezwa, nje ya nyumba, kabla ya kuwekwa stoo;
- chombo hakijazwi pomoni.

Chumba chini ya paa la bati kisicho na dari hupata joto kali mchana, nacho hakifai kwa peroksidi. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar tatizo jingine ni unyevu: kloridi ya chuma na kostiki soda hufyonza maji kutoka hewani, na kopo lisilofungwa vizuri hugeuka uji unaovuja na kula rafu.

Mahali na maandishi

Mahali pazuri ni penye kivuli, baridi na hewa, panapofungwa kwa ufunguo. Kemikali huwekwa chini ya usawa wa macho, ili zikianguka zisimwagikie uso, nazo husimamishwa ndani ya beseni la plastiki linaloweza kubeba kiasi chote kilichomo. Asidi, besi, vioksidishaji na vinavyowaka hutenganishwa, kila kundi na beseni lake. Asidi hidrokloriki haikai chumba kimoja na zana au vifaa vya kielektroniki, kwa sababu mvuke wake hupita hata kwenye kizibo na kuvitia kutu.

Kila chombo huandikwa jina la kemikali, nguvu yake, tarehe na hatari yake, kwa wino usiofutika. Mfumo wa kimataifa wa alama za kemikali, uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003, hutumia picha ndani ya msambamba wenye mpaka mwekundu. Picha ya kimiminika kinachokula mkono na chuma ina maana ya kuunguza. Mwali juu ya duara ni kioksidishaji. Mwali peke yake ni kitu kinachowaka. Samaki na mti uliokauka ni sumu kwa mazingira. Watu wote wa nyumbani wanapaswa kufundishwa alama hizo, si fundi peke yake.

Utupaji wa mabaki

Myeyusho uliochoka una shaba iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa samaki, konokono na vijidudu. Waswahili wanaijua chumvi moja ya shaba, yaani mrututu, na wakulima wa kahawa wamezoea dawa za shaba za kuua kuvu. Nguvu hiyohiyo inayoua kuvu huua pia bakteria wanaosaga uchafu katika shimo la maji machafu.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa jambo. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 ikiondolewa shaba yote ya upande mmoja, hutoa gramu 3 hivi za shaba. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Ili gramu hizo 3 zifikie kiwango hicho, zingehitaji lita 1,500 za maji. Kwa hiyo kumwaga beseni moja karibu na kisima si jambo dogo, na kusema kuwa "maji mengi yatalipunguza makali" si kweli kwa kisima cha nyumbani.

Njia ya kwanza ni kupunguza mabaki. Myeyusho wa kloridi ya shaba unaotokana na asidi na peroksidi huweza kufufuliwa kwa kupitishiwa hewa na kuongezewa asidi kidogo, ukatumika kwa bodi nyingi.

Usipofufulika tena, asidi yake huondolewa kwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya magadi. Magadi hutiwa kidogo kidogo katika ndoo pana iliyojaa nusu tu, nje, kwa sababu povu la dioksidi ya kaboni hupanda haraka. Kazi huendelea mpaka povu likome na karatasi ya kupimia ionyeshe pH ya 8 hivi. Chuma na shaba hushuka chini kama tope la kahawia au kijani. Ndoo huachwa mahali palipofunikwa dhidi ya mvua na kuzuiliwa watoto na wanyama, hadi maji yakauke. Tope kavu hutiwa katika chombo kilichoandikwa na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa taka hatarishi wenye leseni. Maelekezo hupatikana kwa mamlaka za mazingira, kama vile NEMC nchini Tanzania na NEMA nchini Kenya. Tope hilo halitupwi shambani, mtoni wala jalalani, na halichomwi moto.

Huduma ya kwanza

- Machoni: jicho huoshwa mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kope zikiwa zimefumbuliwa kwa vidole. Lenzi za machoni hutolewa zikitoka kwa urahisi. Kisha mgonjwa hupelekwa hospitali hata kama maumivu yamepungua.
- Kwenye ngozi: nguo zilizolowa huvuliwa, ngozi huoshwa kwa maji mengi kwa dakika 20. Asidi haipakwi magadi wala besi haipakwi siki juu ya ngozi, kwa sababu mmenyuko wake hutoa joto na kuongeza jeraha.
- Mvuke ukivutwa: mtu hutolewa penye hewa safi na kuketishwa. Aliyevuta klorini anahitaji kuonwa na daktari hata akijisikia nafuu, kwani mapafu huweza kujaa maji baada ya saa kadhaa.
- Zikimezwa: mdomo husukutuliwa na mgonjwa hupelekwa hospitali haraka. Hatapishwi, kwa sababu kemikali ikirudi huunguza koo mara ya pili. Kumnywesha maziwa mengi au mafuta, kama wengi walivyozoea, huweza kuleta kutapika huko huko. Chombo cha kemikali au maandishi yake hupelekwa pamoja naye, ili daktari ajue kilichomezwa.

Njia mbadala

Si kila saketi inahitaji kuchongwa kwa kemikali. Saketi ya majaribio huweza kuungwa kwenye bodi yenye matundu na mistari ya shaba iliyo tayari. Mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta huchonga shaba kwa ncha kali, ingawa hutoa vumbi. Viwanda vingi hupokea michoro kwa intaneti na kutuma bodi zilizokamilika. Mchanganyiko wa peroksidi hafifu, asidi ya sitriki na chumvi ya mezani hauna mvuke mkali kama asidi hidrokloriki, lakini mabaki yake yana shaba ileile na hutupwa kwa uangalifu uleule.

Tazama pia

- Asidi
- Elektroniki
- Huduma ya kwanza
- Shaba
- Uchafuzi wa maji